Bastola ya Mtu Anayekimbia

Oktoba 3

Daftari hili nimepewa kliniki niandike presha yangu kila asubuhi. Leo iko juu. Watasema ni chumvi. Si chumvi, ni Darby.

Darby ni mjukuu wangu, miaka ishirini na saba, muuguzi wa hospitali ya mjini. Anakaa kwangu tangu mama yake, binti yangu Lorna, alipoanguka jikoni moyo ukasimama, naye hajafika hata miaka arobaini na mitano. Baada ya mazishi madaktari wakampima na Darby, wakamwambia una moyo kama wa mama yako, ukitaka uzee, kimbia. Basi anakimbia. Maili tano kila siku, saa kumi na moja alfajiri, kutoka mlangoni kwangu mpaka kanisa la zamani na kurudi, maana saa moja anaingia kazini. Kwa hiyo siwezi kumkataza. Ingekuwa naweza, ningekuwa nimeshamkataza.

Leo karudi, kakaa kwenye ngazi za baraza bila kuvua viatu.

"Umeona mzuka?" nikamwuliza.

"Kuna pikapu nyeupe, Bibi. Juzi ilinipita polepole. Leo imenipita, ikageuzia kanisani, ikanipita tena."

"Ikasemaje?"

"Gari lina mdomo?"

"Mwenye gari, mpumbavu wewe."

"Hakusema kitu. Alipunguza mwendo tu. Taa yake moja ya mbele ni hafifu."

Tunaishi Georgia kusini, katikati ya miti ya pikani, njugu zinazoota mtini. Kutoka kwangu hadi kanisani kuna nyumba moja tu, ya Coy Dismuke, na Coy ana pikapu nyeupe. Sikulisema hilo. Nimeliandika.

Oktoba 4

Mvua. Hakukimbia. Maganda ya pikani yameanza kupasuka mtini.

Oktoba 6

Imempita tena. Nikapiga simu kwa sherifu, polisi wetu wa kaunti. Kijana wa simuni akaniambia barabara ni ya umma, mama, mtu kupita si kosa. Nikamwuliza kama ana dada. Akasema hana. Nikamwambia inasikika.

Jioni nikatoa bastola ya marehemu mume wangu, Royce, ile ya silinda, risasi tano. Miaka tisa inalala chini ya mto wangu. Nikaiweka mezani kando ya mkate wa mahindi.

"Beba hii."

"Bibi, nitaiweka wapi? Suruali hii haina hata mfuko wa leso."

"Babu yako aliibeba miaka thelathini."

"Babu alivaa ovaroli. Na Babu hakuwahi kukimbia, hata nyuki walipomfuata."

Hilo ni kweli. Akaichomeka kiunoni akaizunguka nyumba kwa mbio. Mzunguko wa kwanza bastola ilikuwa pajani. Wa pili ilikuwa gotini, na suruali imeifuata. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwa nini tunafanya hivyo, nikamwambia aingie ndani ale.

Oktoba 8

Jumamosi. Tumekwenda kwa Nadine Purvis. Nadine anauza bunduki, na nyuma ya duka anafundisha kulenga. Alikuwa askari wa sherifu miaka ishirini. Mimi na mama yake tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, nilipoitwa nyumbani kuchuma pamba. Kwa hiyo Nadine hanitishi.

Alitandika kitambaa akapanga bastola nne ndogo. Moja ilikuwa rangi ya waridi.

"Hiyo ya kuchezea itoe," nikamwambia.

"Inaua kama zingine, Bi Ludie."

"Ndiyo maana haifai kuwa na rangi hiyo."

Akamgeukia Darby. "Sikiliza. Ndogo na nyepesi haikusumbui ukikimbia, inakusumbua ukifyatua, maana inapiga teke. Nzito kidogo inatulia mkononi, ila itakusugua tumbo kila hatua. Hakuna isiyoumiza. Chagua maumivu yako."

Kisha akaleta jagi la maji, akammwagia Darby mikononi, pale pale juu ya kaunta. "Utakuwa na jasho. Vuta chuma cha juu, ikoki. Isipovutika sasa, haitavutika barabarani."

Darby alizivuta zote. Aliyoipenda ilikuwa ya tatu, pana kidogo, inajaa kiganjani. Aliishika muda mrefu. Mimi nikasema hiyo itaonekana chini ya fulana kama mimba. Chukua ile ndogo kabisa, adui asijue una nini. Nadine akasema, "Mwache achague mwenyewe." Nikamwambia mimi ndiye ninayemsubiri mlangoni, si wewe.

Nikaichukua ile ndogo niwaonyeshe inavyokokiwa. Vidole vyangu vina yabisi. Haikusogea. Nikasema imekwama. Nadine akaipokea akaivuta kwa vidole viwili, akairudisha kitambaani, na hakusema neno. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya.

Darby alinitazama, akachukua ndogo. Bapa kama kipande cha sabuni, risasi saba. Na mkanda mpana wa tumbo wenye ala ngumu inayofunika kifyatulio, usije ukajipiga mwenyewe ukiruka dimbwi.

Oktoba 10

Kakimbia nayo. Pikapu haikupita. Karudi na alama nyekundu tumboni kama kaunguzwa na pasi. "Nitazoea," kasema.

Oktoba 12

Pikapu imepita. Mara moja tu.

Nimeona doa la kutu kwenye bastola, kubwa kama kichwa cha pini. Ni chumvi ya jasho lake. Siku mbili tu na chuma kimeanza kuliwa. Vijana hawajui kutunza kitu. Nimechukua kopo la mafuta la Royce, nimeipaka yote ndani na nje, na risasi nikazitoa nikazipaka moja moja, nikazirudisha. Kila jioni nitafanya hivyo yeye akiwa anaoga. Bastola ya Royce naipaka hivyo hivyo na haina doa.

Oktoba 15

Somo la kwanza kwa Nadine. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja nikatazama. Unajua anamfundisha nini? Kupiga kelele. "Sauti kwanza. Simama hapo! Halafu jitoe barabarani, nenda kando. Akisimama, umeshinda, ondoka. Bastola ni ya mwisho."

Njiani nikamwambia Darby, kelele ni za kuku. Wewe ukiona mlango wa pikapu ile umefunguka, usimwulize mtu jina lake.

"Nadine anasema risasi haina njia ya kurudi, Bibi."

"Na wewe ukibebwa una njia ya kurudi?"

Alitazama nje ya dirisha mpaka nyumbani.

Oktoba 19

Coy Dismuke kaja na mashine yake ya kutikisia miti. Kila mwaka ananitikisia miti arobaini, tunagawana mavuno. Kashuka kwenye trekta, kavua kofia.

"Habari ya asubuhi, Bi Ludie. Mwaka huu zimejaa."

"Coy, unakwenda wapi na pikapu yako saa kumi na moja alfajiri?"

Akacheka, akadhani natania. Aliponitazama usoni akaacha.

"Unaniuliza nini hasa?"

"Nakuuliza taa ya pikapu yako ina nini."

Mtu huyu alibeba jeneza la Royce. Alisimama pale akageuza kofia mikononi, akaivaa, akapanda trekta, akaondoka bila kutikisa mti hata mmoja. Mwenye hatia huondoka hivyo. Na asiye na hatia pia huondoka hivyo, ila hilo nimelifikiri baadaye, nikiwa naosha vyombo.

Oktoba 20

Coy hakuja.

Oktoba 21

Hakuja. Pikapu imempita Darby mara mbili, mara ya pili karibu mpaka kasikia redio ndani.

Oktoba 22

Somo la pili. Akifyatua isipolia: piga kitako cha magazini, kile kibweta cha risasi, kwa kiganja, vuta chuma cha juu, rudia. Piga, vuta, rudia. Nadine alimfanyisha mara hamsini kwa risasi bandia mpaka mikono ikafanya yenyewe. Darby ni hodari. Sikumwambia.

Oktoba 25

Mvua siku tatu. Pikani zinaanguka zenyewe kwenye matope. Nimeokota ndoo mbili, mgongo ukakataa.

Oktoba 27

Leo ilikuwa imesimama. Kanisani, taa zimezimwa, moshi unatoka nyuma. Darby aliiona kutoka mbali, akakata shambani, akarudi kwa kupitia mitini, miguu imechanika. Alipoingia mkono wake ulikuwa bado uko chini ya fulana, juu ya bastola. Hakujua kwamba uko huko. Nilimwambia autoe, anywe kahawa.

Kulipokucha nikaendesha hadi kwa Coy. Pikapu yake ilikuwa uani juu ya matofali, haina magurudumu, na nyasi zimeota zikapita chini yake. Ina wiki kadhaa pale. Nilikaa ndani ya gari nikazitazama nyasi zile. Sikushuka. Nilirudi nyumbani.

Novemba 2

Nimemwokea Coy pai ya pikani, nikampelekea.

"Nilikosea," nikasema.

"Ulikosea nini?"

"Usinifanye niliseme mara mbili, Coy, pai inapoa."

Akaipokea. Baadaye akasema mvua ikikatika atakuja. Na akasema kitu kingine: ameiona pikapu ile mara mbili akiwa anakwenda kulisha ng'ombe. Namba ya nyuma imepakwa matope. Matope ya kupakwa kwa mkono, Bi Ludie, si ya barabarani.

Novemba 7

Wiki nzima haijaonekana. Darby ameanza tena kuimba akifunga viatu. Naendelea na mafuta. Kopo limebaki nusu.

Novemba 11

Imerudi.

Novemba 14

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Jana nilipanga jambo na sikumwambia mtu. Nilisema nitaivizia pikapu ile mwenyewe, niisome namba. Sherifu anataka namba, nitampa namba. Leo saa kumi na nusu Darby alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Nikavaa koti la Royce na kofia yake, maana baridi ilikuwa kali, nikachukua tochi yake ndefu nyeusi, nikawasha gari la Royce la kijivu. Nikaenda hadi kwenye kona ya kalvati, lile bomba la maji linalopita chini ya barabara, bado ni ardhi yangu pale, nikaingiza gari chini ya miti, nikazima taa.

Nilikaa nusu saa. Pikapu ikaja. Taa moja hafifu, mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Ikapita mbele yangu. Namba haikusomeka, ni matope kama Coy alivyosema. Ikaelekea kanisani.

Halafu nikaiona taa ya Darby, ile anayofunga kwenye paji la uso, inakuja inarukaruka. Nikafikiri, akiendelea ataikuta kanisani inamngoja. Lazima nimsimamishe hapa. Nikafungua mlango. Taa ya ndani ya gari lile ilikufa zamani. Nikashuka, goti limekakamaa kwa kukaa, nikaanza kumwendea, nachechemea.

Taa yake ikasimama.

"Simama hapo!"

Sijawahi kuisikia sauti ile nyumbani kwangu. Ilitoka tumboni. Na mimi, nitaandika ukweli kwa sababu daftari hili ni langu, mimi nilichukia. Tangu Royce azikwe hakuna aliyeniambia simama, tena kwenye ardhi yangu. Nikaendelea.

"Simama! Nina silaha! Usisogee!"

Akajitoa barabarani, akaenda kando kuelekea mtaroni, sawasawa na alivyofundishwa. Nikajisemea, nikimkaribia atanijua. Taa yake ilinipiga machoni, sioni kitu, nikainua mkono kujikinga. Mkono niliouinua ndio uliokuwa na tochi.

Nikasikia tk. Sauti ndogo, kama mtu anavunja ganda la haragwe.

Halafu nikauona mkono wake wa pili kwenye mwanga. Ukapiga kitako cha magazini. Ukapanda juu ukashika chuma. Piga, vuta, rudia. Nililijua somo lile, nililitazama nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kukunja.

"Darby," nikasema. "Ni mimi."

Mkono ulibaki pale juu ya chuma. Sijui muda gani. Nilisikia maji ya kalvati. Kisha akashusha bastola, akatoa magazini, akaviweka vyote barabarani taratibu kama vina moto. Akakaa chini, kwenye lami.

"Kwa nini hukujibu?" akasema. "Bibi, kwa nini hukujibu?"

Aliuliza mara tatu. Jibu ninalo sasa, na haliandikiki vizuri. Ni kiburi tu.

Nikamfunika koti la Royce, akalitupa, akaniambia lisimguse. Nikamrudisha nyumbani. Akaoga, akavaa sare, akaenda kazini, kwa sababu wagonjwa wanangoja hata mtu akiwa hivyo. Kabla ya kutoka aliiweka bastola mezani.

"Sitaigusa tena. Na sikimbii tena."

"Darby, moyo wako."

"Nimevuta kifyatulio, Bibi. Nimekivuta, nikilenga kifua chako. Usiniambie habari za moyo."

Novemba 15

Hakukimbia. Presha sikupima.

Novemba 16

Swali halikuniacha nilale: kwa nini haikulia? Bastola mpya, risasi mpya. Siwezi kuikoki mwenyewe, kwa hiyo niliifunga kwenye taulo nikaipeleka kwa Coy. Nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kukatiza, kisha akaenda nayo kwenye tuta nyuma ya zizi.

Risasi saba. Mbili zililia. Tano zikafanya tk.

Coy akaokota moja iliyokufa, akaigeuza, akainusa. "Bi Ludie, hizi zina mafuta kuliko kuku wa kukaanga. Nani kazipaka?"

"Mimi. Kila jioni."

Akafumba macho kidogo. "Mafuta yanaingia huku chini, kwenye kitako. Yanaua moto wake. Bunduki inapakwa mafuta. Risasi haipakwi."

"Royce hakuwahi kuniambia."

"Royce hakujua kama unazipaka."

Nikampa na ile ya silinda, ile ya chini ya mto. Akaijaribu zote tano. Tk, tk, tk, tk, tk. Miaka tisa nimelala juu ya chuma kitupu nikijiona simba.

Tulikaa kwenye ukingo wa hori. Coy akasema, "Mafuta yako ndiyo yaliyokuacha hai juzi."

"Na wiki tano mtoto alikimbia mbele ya mtu yule akiwa na kipande cha sabuni kweli."

"Naam. Yote mawili."

Nikamwambia asimwambie Darby. Akasema, "Hilo si langu kulisema. Ila si la kukaa nalo, Bi Ludie."

Novemba 18

Coy ametikisa miti. Nusu ya pikani zilizokuwa chini zimeoza. Hakusema ni kosa la nani.

Novemba 19

Darby hakwenda kwa Nadine. Hali chakula vizuri. Amepanda ngazi za baraza na mfuko wa unga, akasimama juu akashika kifua. Nikajifanya sikuona. Mama yake alikuwa akisimama hivyo hivyo.

Novemba 21

Sijamwambia.

Novemba 22

Sijamwambia. Coy ameiona pikapu kanisani. Ipo pale pale, inangoja mtu ambaye haji.

Novemba 24

Siku ya Shukrani. Bata mzinga, sukuma, mkate wa mahindi, viazi vitamu. Coy kaalikwa, mke wake alishafariki. Alipomaliza kuomba nikasema kabla mtu hajachukua kijiko, maana nikianza kula ningenyamaza mwaka mwingine.

"Darby, bastola haikulia kwa sababu yangu. Nilizipaka risasi mafuta kila jioni, nikaziua. Hukuwa na bastola tangu katikati ya Oktoba. Ulidhani unayo, huna."

Coy alitazama sukuma. Darby akaweka uma chini.

"Kila siku niliyokimbia?"

"Kila siku."

"Siku ile alipokuwa kanisani amezima taa?"

"Na siku ile."

Akasukuma sahani yake mbele. Kisha akasema, "Sijui nikukumbatie au nikufukuze kwenye nyumba hii."

"Nyumba ni yangu."

"Najua ni yako, Bibi. Kila kitu ni chako. Barabara ni yako, bastola ulichagua wewe, risasi ulipaka wewe, na nilipokuambia simama, ardhi ikawa yako."

Hakupaza sauti. Mimi nimezaa, nimezika, nimechuma pamba nikiwa na homa, na sijawahi kuambiwa neno likakaa mahali pake namna ile. Coy akanyanyuka kwenda kutazama trekta lisilohitaji kutazamwa.

"Ni kweli," nikasema.

Akanitazama kama anatafuta ujanja. Haukuwepo. Baadaye akavuta sahani ya bata, akanikatia, akajikatia. Tulikula.

Novemba 26

Jumamosi. Aliniambia tu, "Nakwenda kwa Nadine. Ukija, utakaa nje."

Nilikaa nje, kwenye benchi, karibu na mashine ya barafu. Kupitia kioo niliona Nadine analeta jagi la maji. Niliona Darby anashika, anarudisha, anashika. Alikuwa anazungumza, na Nadine anatikisa kichwa, anazungumza tena. Ilichukua saa nzima na zaidi. Mara mbili nilinyanyuka. Mara mbili nilikaa.

Alitoka na ile ya tatu, ile pana niliyoita mimba, na mkanda mwingine mpana zaidi.

"Inajaa mkononi," akasema.

"Naona."

"Hutasema kitu?"

"Nilikuwa nasema. Umeona kulikotufikisha."

Nadine alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Bi Ludie, kuna somo Jumamosi ijayo la watu wanaokaa nyumba moja na mtu anayebeba bastola. Wanafundishwa kujibu wanapoitwa." Nimemjua mtoto huyu tangu ana kamasi puani. Nikamwambia nitakuja.

Novemba 28

Kakimbia. Niliamka nikakaa jikoni na mikono mezani, sikutoka. Alirudi baada ya dakika hamsini na tatu. Anahema, uso mwekundu, yu hai.

Desemba 1

Kakimbia. Pikapu hakuiona.

Desemba 3

Somo la Nadine. Nilikuwa mimi, na mwanamume mmoja ambaye mke wake alikaribia kumpiga risasi akirudi kuvua samaki. Tulipeana mkono.

Desemba 6

Usiku kulinyesha, asubuhi kukaacha. Saa kumi na mbili kasoro robo Darby aliingia, akafunga mlango, akaegemea mlango.

"Leo amesimama, yule wa pikapu," akasema.

Nilimpa kiti. Akasimulia akiwa amesimama. Ilikuwa mbele ya kalvati, karibu na mti wetu wa mwisho. Pikapu ilimfikia kwa nyuma, ikaenda naye sambamba, ikapita kidogo, ikasimama. Mlango ukafunguka. Akajitoa barabarani akaingia mitini, mti ukawa kati yao. Akapiga kelele kama alivyonipigia mimi. Mkono ulikuwa juu ya bastola, chini ya fulana, hakuitoa.

"Akafanyaje?"

"Aliteremsha mguu mmoja. Nikamwambia simama, nina silaha. Alinitazama mkono, Bibi, hakunitazama uso. Ni mtu mzima, nywele nyeupe, miwani. Mtu ambaye ningemfungulia mlango hospitalini. Akakaa hivyo, mguu mmoja nje. Nilihesabu mpaka nane. Halafu akaurudisha ndani, akafunga mlango, akaondoka. Na akageuza kwenye njia ya Coy. Coy mwenyewe kaja kuniambia: alikuwa anatoka na trekta, akamzibia, akazunguka nyuma, akasoma namba kwa tochi. Yote. Mvua ilikuwa imeyaosha matope."

Nilitaka kumwuliza kwa nini hukumpiga. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikamwuliza kama atakunywa chai au kahawa.

"Kahawa," akasema. Kikombe kikamgonga meno. Nikakishika kikombe upande mmoja, yeye upande mwingine, tukakinywa hivyo. Kisha akaenda kazini. Alichelewa dakika sita.

Coy kampigia sherifu. Safari hii hawakusema habari za barabara ya umma. Namba ile wanaijua, kuna wanawake wawili wa kaunti ya pili walishalalamika. Askari anakuja kuandika maelezo na kutazama mahali penyewe, mama, tafadhali msipavuruge.

Nimekwenda mimi kabla yao. Alama ziko wazi kabisa kwenye udongo mwekundu: magurudumu yalipokata kuingia kando ya barabara, viatu vya Darby vikienda mitini kwa hatua ndefu, na hapo palipokuwa na mlango, kiatu cha mwanamume. Kimoja tu. Kisigino kimezama, kidole hakikuzama, kama mtu aliyeanza kushuka akabadili mawazo.

Mawingu yanarudi kutoka magharibi. Nilirudi nyumbani nikachukua beseni la kuoshea nguo na kiti cha jikoni. Beseni nimelifunika juu ya unyayo ule, na juu ya beseni nimeweka tofali. Coy kapita na trekta, kaniuliza nimekaa hapo kwa ajili ya nini. Nikamwambia akaniletee mwavuli.

Matone yameanza kuangukia beseni. Askari alisema atafika kabla ya saa sita.